Mgodi Ulio Mbali Kupita Kolwezi

Mjomba wangu Kasongo alizikwa mwezi uliopita. Siku ya pili ya kilio, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai uani kwake mtaani Kikula, mzee mmoja ambaye sura yake naikumbuka na jina lake silikumbuki aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, kama inavyostahili msibani: "Prof, na ile karyeri yako, iko inatumika paka vile?" Karyeri kwetu Likasi ni machimbo, shimo la mawe yenye shaba au kobalti, kutumika ni kufanya kazi, na paka si mnyama, ni "tu". Nikamjibu kwamba, kwa kadiri ninavyojua, inaendelea vizuri. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyesikia kwamba angalau pahali pamoja katika nchi hii hapajafungwa, kisha akauliza kama tunaandika watu kazi. Nikasema bado. "Bon," akasema, "siku mutaanza, musitusahau siye ba hapa." Nikamwahidi. Akaenda zake kutafuta chai, nami nikabaki nikizuia kicheko kwa kitambaa, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu, akiona mabega yangu yanavyotikisika, akaniambia nijikaze, mjomba amekwenda kupumzika.

Sikumdanganya yule mzee. Karyeri yangu ni sayari. Ni ya mawe tupu, ina moto wa kuyeyusha risasi, na inazunguka jua dogo, jekundu, hafifu kiasi kwamba huwezi kuliona kwa macho hata mji mzima wa Likasi ukikatiwa umeme, jambo ambalo tulilijaribu mara nyingi. Imekaa karibu na jua lake kama mtu anayeota mbabula, jiko la makaa, katika baridi ya mwezi wa sita, na inalizunguka kwa kasi hivi kwamba mwaka wake haufiki siku zetu mbili. Mwaka ninaotaka kuusimulia hapa, mwaka mmoja tu wa ujana wangu, huko kwake ulikuwa miaka zaidi ya mia mbili. Kwa hesabu hiyo mimi ni mtu wa kale, na mnapaswa kunisikiliza kwa adabu. Wala msidhani wazee wa Kikula walikosea kwa ujinga. Waliambiwa. Habari ilitoka kwa mjomba wangu mwenyewe, hadharani, akiwa amevaa suti, nami nimekaa kando yake nimekatazwa kufungua mdomo, na ikafika Kikula kabla ya masahihisho yangu.

Waandishi wa kumbukumbu huanza na babu zao na bibi zao. Wangu nitawaruka wote. Walikuwa watu wema na hawakuhusika. Naanzia pale niliporudi Likasi kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi, nina shahada ya fizikia na viatu vilivyochongoka mbele, nikiamini kwamba mji ulikuwa umesimama ukinisubiri. Mji haukuwa umenisubiri. Nilipata kazi ya kufundisha sekondari huko Panda, mtaa mwingine wa mji, na nikapata chumba kwa mjomba, nyuma ya nyumba yake Kikula, ambacho alikuwa akiwekea magunia ya samaki wakavu aliokuwa akiuza sokoni. Tuligawana chumba kwa haki: samaki upande wa ukuta, mimi upande wa mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wa bati la pipa lililonyooshwa, na jua la saa nane likiupiga ulikuwa unapasha moto uso wangu kitandani huku mgongo ukiwa umeegemea gunia la baridi. Nimesoma vitabu vingi tangu siku zile kuhusu sayari zinazoelekeza uso mmoja tu kwa jua lao, mchana wa milele upande huu na usiku wa milele upande ule. Sijakutana na mwandishi aliyelielewa jambo hilo kama nilivyolielewa mimi kitandani pale. Wanafunzi wangu walilielewa kwa pua. Nikiingia darasani, mmoja wao alikuwa akisema polepole, "Soko imefika," na wengine wakaanza kuulizana bei.

Jioni tulikula bukari, ugali wetu, kwa kapenta, ndio hao samaki wadogo wa mjomba, au kwa sombe ya majani ya muhogo siku ambazo biashara ya kapenta ilikuwa nzuri na hawakubaki. Mjomba alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya mnada, na alikuwa anafinyanga tonge lake akiendelea kusema mpaka tonge linapoa mkononi. Mke wake alisema kidogo, lakini ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba, na mimi ni mtu ambaye elimu yake kubwa ameipata kwa kusikiliza kuta. Mchana mmoja wa Jumapili nilisikia akimuuliza mume wake: "Mutoto wa dada yako anasoma nini tena? Alishamaliza masomo."

"Anasoma nyota moja."

"Moja tu? Myaka yote ile ya iniversite, nyota moja?"

"Ni ya mbali," mjomba alisema, akinitetea.

"Bon, kama ni ya mbali," akasema mke wake, na nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

Nyota yenyewe nilipewa na mwalimu wangu wa chuo. Alikuwa na marafiki katika nchi ya baridi, watu wenye darubini inayoangalia majua madogo mekundu, ambayo ndiyo mengi zaidi mbinguni ingawa hayaonekani, kama vile watu wa kawaida. Darubini ilipima mwanga wa kila jua, dakika baada ya dakika, na vipimo vikagawanywa kwa watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali wavisafishe na kutazama kama mwanga ulipungua. Ukipungua kidogo kisha ukarudi, huenda ni wingu, huenda ni chombo kimechafuka. Ukipungua tena baada ya muda uleule, na tena, basi kuna kitu kinachopita mbele ya jua lile, na kitu hicho kina njia yake na hakiiachi. Mimi nilipewa jua moja, nami nikalishika kama mtu aliyepewa mtaa mzima. Nilikuwa na kompyuta ya mkononi iliyotumika tayari na watu watatu kabla yangu, na betri iliyodumu muda wa rozari moja, bila litania.

Hapo ndipo anaingia Clarisse, na anaingia kwa njia ya umeme. Alikuwa anauza dawa katika famasi ndogo huko Panda, karibu na kambi za zamani za wafanyakazi wa kiwanda, na famasi ile, kwa sababu ya friji ya chanjo, ilikuwa na jenereta. Niliingia siku ya kwanza kununua dawa ya kichwa ambacho hakikuwa kinaniuma. Siku ya pili nilimwomba nichomeke kompyuta nyuma ya friji. Alinitazama toka viatu vilivyochongoka mpaka juu, akavuta pumzi mara moja kwa pua, akasema: "Weye njo prof wa samaki?" Nikakubali kwamba ndiye mimi. Akanionyesha tundu la umeme. Tangu siku ile, kila mchana baada ya masomo, nilikaa kwenye sanduku tupu la seramu nyuma ya friji inayonguruma, nikitazama vidoti kwenye kioo, huku upande wa pili wa kaunta yeye akiwaambia akina mama wameze mara ngapi na kabla ya chakula au baada. Akipata nafasi aliinamisha kichwa nyuma ya friji akauliza neno moja tu: "Imepungua?" Nami nikajibu: "Bado." Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu kwa miezi mingi. Vijana wa siku hizi wanatumiana mioyo mekundu kwa simu. Sisi tulikuwa tukiulizana kuhusu kupungua kwa mwanga, na sioni kama tulipungukiwa na kitu.

Siku ulipopungua nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba jua langu ni kavu, kama mashimo mengine yalivyo makavu. Mstari wa vidoti ulikuja sawasawa, ukashuka kidogo, kama barabara inayopita kwenye kijibonde, ukapanda tena. Nikaweka vipimo vya siku nyingine juu yake, kwa muda niliokuwa nimeukisia wa mzunguko mmoja: kijibonde kilekile. Vya siku nyingine tena: kilekile. Nilimwita Clarisse, akamwacha mteja na chupa mkononi, akaja akainama. Nilimwonyesha kwa kalamu. Alikifuata kijibonde kwa kidole. Kisha akasema, "Donc kuko kintu," yaani basi kuna kitu, akarudi kwa mteja wake. Nimehudhuria mikutano ya wasomi huko na huko tangu wakati ule, na sijasikia ripoti iliyoandikwa vizuri kuliko ile. Wenzangu wa nchi za mbali walikuwa wamekiona kijibonde hicho pia, wengine kabla yangu, na siwezi kudai kwamba niliigundua sayari; niliigundua kwa niaba ya Likasi. Wiki ile nilimwambia Clarisse nataka kwenda kwao. Akasema wazazi wake wanakaa nyuma ya famasi, nyumba ya nne, na niache viatu vile nyumbani.

Kwenda kwao maana yake si kwenda. Kwetu kijana hajipeleki mwenyewe kwa wakwe. Siku ya kujitambulisha anapelekwa na wazee wake, na mmoja wao ndiye msemaji. Kijana anakaa, anatazama magoti yake, na anasemewa. Hata akiulizwa jina lake, anayejibu ni msemaji. Upande wa pili nao wana msemaji wao, na baba wa binti, ambaye ndiye mwenye uchungu, naye ananyamaza. Kwa hiyo watu wawili ambao shauri ni lao wanakaa kama mizigo, na watu wawili ambao hawapotezi kitu wanapigana kwa maneno. Msomi kama mimi nilikuwa na maoni yangu kuhusu desturi hii. Mjomba Kasongo hakuyauliza. Alichouliza, kwa wiki nzima, kila jioni juu ya bukari, ni jinsi ya kuieleza kazi yangu, maana aliona kwamba ualimu peke yake hautatosha.

"Ile kintu yako ni ya nini? Ya gazi? Ya maji?"

"Ni ya mawe, mjomba. Kama dunia."

"Majiwe. Bon. Kuko majani?"

"Hakuna majani. Ni mawe yenye moto. Upande unaotazama jua labda yameyeyuka."

Tonge lilisimama katikati ya sahani na mdomo. "Majiwe imeyayuka yenyewe?"

"Yenyewe."

"Na bale bazungu banakutumia mapimo, weye njo unaangalia kama ni ya kweli?"

"Pamoja na wengine."

"Mu Likasi, kuko mwengine?"

"Hapana, Likasi ni mimi tu."

Akala tonge lile. "Inatosha," akasema. "Usiongeze kintu."

Tulikwenda Panda Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mjomba, mke wake, mimi, na kreti za vinywaji ambazo hazingeguswa mpaka binti mwenyewe aruhusu. Nyumba ya wazazi wa Clarisse ilikuwa ya matofali mekundu, ya kambi ya zamani, chumba cha wageni kimepakwa kijani mpaka kifuani na cheupe kuanzia hapo. Makochi yalikuwa na vitambaa vya kufumwa, na juu ya kabati palikuwa na Bikira Maria na picha ya wanaume waliovaa kofia za kiwandani wakiwa wamesimama mistari miwili. Mmoja wa wale wanaume alikuwa Papa Mwamba, baba yake Clarisse, ambaye sasa alikaa kwenye kiti cha kona akiwa amestaafu kazi ya tanuru, na ngozi ya uso wake upande wa kulia ilikuwa nyeusi na ngumu kuliko ya kushoto. Mlangoni, akiwa ameegemea fremu, alisimama Fiston, kaka mkubwa wa Clarisse, ambaye alikuwa amesimamishwa kazi kwenye tanuru lilelile na hakuwa amepata nyingine. Clarisse hakuwepo, binti haonyeshwi mpaka aitwe. Nyuma ya pazia la jikoni nilisikia mafuta yakichemka na sauti ya shangazi yake, Tantine Georgette, ikitoa amri. Msemaji wao alikuwa Papa Léon, mdogo wake Papa Mwamba, mtu mwembamba mwenye tai.

Walianza kama wanavyoanza wote. Mjomba akasema hatukuja kwa sababu ya njaa, kwetu kuna samaki. Papa Léon akasema ndiyo, tumesikia harufu tangu barabarani. Watu wakacheka, nami nikatazama magoti yangu. Mjomba akasema tulikuwa tunapita tu, tukaona katika uwanja huu ua moja zuri. Papa Léon akauliza ua gani, hapa maua ni mengi, mengine yana miiba. Wakaendelea hivyo kwa raha, na nilianza kufikiri kwamba desturi si mbaya, mpaka Papa Léon alipokunja miguu akauliza: "Na huyu kijana, anatumikaka nini?"

Mjomba akasimama. Hakukuwa na haja ya kusimama. "Prof, muko munamujua," akasema. "Mais prof ni kazi ya asubuhi. Mutoto huyu anatumika na bazungu ba mbali. Baliona fasi moja, majiwe tupu, juu mpaka chini. Hakuna majani, hakuna mukini ya bantu, hakuna chefu wa kuomba ruhusa. Ile majiwe iko na moto, mpaka ngambo moja imeyayuka. Banatuma mapimo, na yeye njo anaangalia kama ni ya kweli. Likasi muzima, ni yeye peke yake."

Kila sentensi ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonitisha. Niliwatazama watu wa chumba kile, mmoja mmoja, na nikaona jinsi maneno yale yalivyotua. Mahali pengine duniani ukisema mawe, moto, vipimo na wageni, watu watafikiria labda volkano, labda jehanamu. Likasi kuna jambo moja tu lenye mawe, moto, vipimo na wageni.

"Imeyayuka?" Papa Léon aliuliza. "Bila umeme?"

"Bila umeme. Bila makala."

Katika mji ambao kila tanuru lilikuwa linalia kukosa umeme na makaa, mawe yanayoyeyuka yenyewe ni habari njema kupita Injili, na nasema hivyo nikiwa Mkatoliki. Mafuta jikoni yaliondolewa motoni ili watu wa huko wasikie vizuri.

"Iko ngambo gani? Ya Kambove?"

"Mbali."

"Fungurume?"

"Mbali kupita."

"Kolwezi?" Huko ndiko mwisho wa machimbo tunayoyajua sisi.

"Papa Léon," mjomba akasema, na akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya familia, "mbali kupita Kolwezi."

"Na kuko kampuni gani pale?"

"Ata moja. Hakuna muntu alishafika."

Papa Léon alilegeza tai. Nikamwona Papa Mwamba, ambaye mpaka hapo alikuwa kama mmoja wa watu wa pichani, akiinua kichwa. Hakunitazama mimi. Alimtazama Fiston pale mlangoni, na Fiston akaacha kuegemea fremu akasimama wima. Papa Léon akasema lile ambalo chumba kizima kilikuwa kinalisubiri: kwamba mukwe mwema hasahau nyumba alikooa, na kwamba huyu Fiston ni mtu wa tanuru, damu ya tanuru, na kama huko mbali kutakuwa na kuandika watu, bila shaka kijana atamkumbuka wa kwanza. Nikavuta koti la mjomba. "Mjomba," nikanong'ona, "si vile." Akaniinamia akitabasamu kwa ajili ya watu. "Nyamaza. Unataka bibi ao hautaki?"

Nilikuwa namtaka. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka, Jumamosi ile, kwamba pazia la jikoni lifunguke na Clarisse aseme ndiyo. Na nilijua kwamba nikikaa kimya litafunguka, vinywaji vitanywewa, na kwa miezi michache nitakuwa mukwe anayependwa kuliko wote Panda. Lakini nilimwona Papa Mwamba akimfanyia mwanawe ishara ndogo kwa mkono, akimwambia akae sasa, akae kwenye kochi pamoja na watu. Watu husema ujana hauna akili. Wangu ulikuwa na kiburi, ambacho wakati mwingine hufanya kazi ya akili: sikuweza kuvumilia sayari yangu igeuzwe shimo. Nilisimama.

"Bapapa, bamama, munisamehe. Hakuna karyeri."

Hakuna aliyenitazama. Papa Léon alimgeukia mjomba, akauliza kwa upole wa kutisha: "Papa Kasongo, nani anasema?"

"Ni malaria inasema," mjomba akajibu, akinivuta nikae.

"Sina malaria. Ile fasi iko mbinguni, Papa. Ni kama hii dunia yetu, inazunguka nyota ingine. Hakuna muntu wa hapa atafika, ata batoto ba batoto betu."

"Donc Fiston hataandikwa?"

"Hataandikwa."

Kisha Fiston, ambaye alikuwa bado hajakaa vizuri, alisema: "Minye nilijua. Moto bila umeme, nilijua ni mbinguni." Alicheka, lakini peke yake, na akarudi mlangoni. Nilikuona kurudi kule. Nimemtazama Fiston katika sherehe nyingi tangu siku ile, ana biashara yake ya kuchomelea vyuma na ananidhihaki kila mara, lakini zile hatua zake za kurudi mlangoni ndizo ninazozikumbuka nikisikia mtu akiahidi kazi asiyokuwa nayo.

Papa Léon sasa alinigeukia mimi, kinyume na desturi, kama mtu anayezungumza na kuku aliyeanza kusema. "Uliiona?"

"Hapana, Papa."

"Nani aliiona?"

"Hakuna muntu. Tunaona paka kivuli yake." Nikawaeleza kwa lori. Nikasema: wazeni lori lenye taa moja, mbali sana kwenye barabara ya Kambove, mnaona taa tu. Mdudu akipita mbele ya taa, mdudu hamumwoni, lakini taa inafifia kidogo. Ikififia mara moja, ni mdudu tu. Ikififia tena na tena, kwa muda uleule siku zote, basi huyo si mdudu wa kupita. Amefungwa pale, ana njia yake. Nilisema vizuri, nikijisifu mwenyewe. Kutoka jikoni Tantine Georgette akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Donc anapendaka kintu haonake. Clarisse, unasikia bwana yako?" Jikoni mafuta yakarudishwa motoni.

Ndipo Papa Mwamba akasema. Nadhani watu walishtuka zaidi kuliko waliponisikia mimi, kwa sababu mimi nilikuwa kijana na msomi, mtu wa kutegemewa kukosa adabu. "Ile moto ya mbele," aliuliza polepole, "inapitaka mpaka ku mugongo?"

Alikuwa anauliza kama upande wa giza nao unapata joto. Lilikuwa ndilo swali ambalo wenzangu wote wa darubini walikuwa wakijiuliza, kwa sababu kama kuna hewa huko, hewa hulibeba joto mpaka nyuma, na kama hakuna, nyuma ni baridi ya kaburi. Nilikuwa na maneno mengi mazuri ya kuficha kwamba hatukujua. Niliyatafuta. Nikamtazama shavu la kulia na shavu la kushoto. "Sijue, Papa," nikasema. "Hatuyajua bado." Jibu lilikuja hivi karibuni tu, kwa chombo kikubwa kilichowekwa angani, kilichopima joto la upande ule wa mchana: ni mwamba mtupu, hakuna hewa ya maana, moto wa mbele unabaki mbele. Nilisafiri mpaka Panda kumpelekea jibu hilo mwenyewe, yeye sasa ni mzee sana na masikio yamechoka, nikalirudia mara mbili kwa sauti kubwa mbele ya majirani. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ulikawia," akasema.

Lakini Jumamosi ile hakusema zaidi, aliinamisha kichwa akarudi katika picha yake. Papa Léon alikohoa, akatangaza kwamba mtu anayejisemea mwenyewe siku ya kujitambulisha anatozwa kuku, na kwa kuwa kaka yake naye amesema, kuku wawili, kila upande mmoja. Mjomba Kasongo alikubali haraka mno, kama mtu aliyetegemea kutozwa nyumba. Alikuwa amekaa kando yangu, suti imemkaba, jasho linamshuka, na sikuthubutu kumtazama. Papa Léon akaita jikoni. "Georgette! Muleteni."

Pazia likafunguka. Clarisse alikuwa amevaa kitenge cha bluu na alikuwa bado na mwiko mkononi. Shangazi yake alijaribu kumnyang'anya akashindwa. Alisimama katikati ya chumba cha kijani na cheupe, hakunitazama, akamtazama baba yake. Papa Léon alichukua chupa moja kutoka kwenye kreti zetu, akaiinua bila kuifungua. "Clarisse, umesikia. Bantu haba balikuya. Kwanza balisema kijana iko na karyeri. Sasa anasema hana kintu, iko na nyota, na ile nyota ata haonake. Unamujua muntu huyu? Tukunywe, ao turudishe chupa yabo?"

Nilitazama magoti yangu, safari hii kwa desturi na kwa hofu pamoja.

"Minye nilikuwa ku kikoni, nilisikia yote," akasema. "Wakati Papa Kasongo alisema iko na karyeri, nilitengeneza jibu yangu mbio. Nilitaka kusema murudishe. Ule mwenye karyeri, minye simujue." Akageuza mwiko mkononi. "Huyu wa nyota, namujua. Ile kivuli anasema, minye niliiona na macho yangu. Mukunywe."

Akarudi jikoni, kwa sababu samaki walikuwa wanaungua.